Andika Degedege

Mjukuu wangu Zaituni,

Asalaam aleikum. Hapa Busia tu wazima, na mguu wa mama yako umepona.

Umeniuliza kama kwenye fomu ya daktari wa marubani, sasa unapoomba kusomea urubani, ulitaje lile degedege la utotoni, maana shangazi yako amekuambia, "Nyamaza, nani atajua?"

Andika, mama. Sahihi ile ya chini ni kiapo.

Nilipoomba leseni ya lori Tororo, nilificha jicho langu bovu, nikaandika "macho mazuri". Leseni nikapata, ila kila askari akinitazama usoni, nilikwepa macho yake. Siku moja nikarudi kwa karani, nikamwambia afute. Akacheka, "We kijana, umekuja kujishtaki?"

"Ndiyo. Andika jicho moja."

Usukani nikauacha, nikawa fundi wa malori, na tangu hapo simwogopi mtu.

Basi andika: degedege, nikiwa na miaka miwili, homa ya malaria, halikurudi. Weka na karatasi ya kliniki. Wakikukataa, wakatae kweli yako, si uongo wako.

Wazee walisema degedege huletwa na ndege. Mwambie daktari: ndege huyo alinifuata nikiwa mtoto, sasa ni mimi ninayemfuata angani.

Dua zangu ziko nawe.

Babu yako, Musa