Bei ya Bastola ya Baba

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mnunuzi anarudi na karatasi zake, na mkono wangu hautaki kutia sahihi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba kimoja cha jengo la maduka, na baba yangu, aliyefariki miezi miwili iliyopita, alikuwa mlinzi wa kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu uongozi ulimzawadia bastola aliyokuwa akilindia, ile ya zamani yenye silinda inayozunguka, pamoja na cheti cha ushujaa, kwa sababu aliwahi kumuua kwa risasi mwizi aliyekuwa akiruka ukuta mchana wa siku ya mapumziko, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Shujaa, na mimi na kaka yangu, dereva wa lori, tukawa watoto wa Shujaa.

Msiba ulipokwisha kaka akasema tuiuze, chuma hakiliwi, basi nikaitia kwenye kikapu chini ya sare nikaipeleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni, akachungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akazungusha silinda karibu na sikio, akasema, "Dada, rangi imebabuka, silinda inacheza, na mpini si wake wa asili. Utapata bei ya cherehani moja iliyotumika, na hapo nimekuonea huruma."

Kaka hakuridhika, akamleta mkusanyaji wa vitu vya kale, mzee mpole mwenye kioo cha kukuzia mfukoni, ambaye mtutu hata hakuushughulikia, alisoma kile cheti mara mbili, kisha akasema atalipa bei ya cherehani sita mpya iwapo sisi warithi tutaandika na kutia sahihi kwamba hii ndiyo bastola iliyomuua mwizi, pamoja na jina kamili la huyo mwizi na tarehe. "Bila hadithi," akasema, "hiki ni chuma chakavu."

Sasa mshauri, wiki mbili kabla hajafa nilikuwa namkata baba kucha za miguu, akaniambia bila kunitazama, "Yule hakuwa mwizi, mwanangu. Alikuwa kibarua wetu, alirudi kuchukua koti lake. Nilifyatua kwanza, nikauliza baadaye." Nikamwuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Walikuja kunipongeza kabla sijafungua mdomo." Nikaendelea kukata kucha. Sijamwambia mtu, hata kaka, na mjane wa yule kibarua namjua, anauza vifungo na nyuzi mlango wa tatu kutoka kwangu, nanunua kwake kila Jumatatu, na watu bado wanamwita mke wa mwizi, naye huitika.

Kaka ananiambia, "Wewe tia sahihi tu, hadithi yenyewe kila mtu anaijua." Bei halali ni ipi, na nikikataa nitamwambia nini?

Fundi wa Sare

*

Fundi wa Sare, pole kwa kufiwa. Baba yako alitua mzigo wake akaufunga mgongoni kwako, na kwa hilo hakukutendea haki.

Ila kwanza nikugombeze. Umebeba bastola ya marehemu kwenye kikapu katikati ya watu? Kibali kilikuwa chake, naye hayupo. Leo hii piga simu kituo cha polisi, wakuelekeze jinsi ya kuikabidhi mpaka mambo ya mirathi yaamuliwe. Asiiguse kaka, asiiguse mzee wa kioo.

Bei halali uliambiwa na fundi wa silaha. Kinachozidi hapo mzee analipia jina la marehemu wa watu, na jina hilo si urithi wenu. Usitie sahihi. Kaka angetia kwa kutojua. Wewe ungetia ukijua.

Kwa hiyo mwambie kaka yote, ana kwa ana, si kwenye simu akiwa safarini. Atafoka, atasema unamchafua baba. Mwache afoke mpaka achoke, kisha umsimulie maneno ya baba vilevile ulivyoyasikia, bila kuongeza wala kupunguza.

Halafu yule mjane. Umenunua vifungo kwake Jumatatu hadi Jumatatu ukijua. Hapo, bibie, siwezi kukutetea: ukimya wa siku tatu ni mshtuko, wa miezi miwili na ushei ni uamuzi. Andika alichokuambia baba, weka tarehe, tia sahihi yako, umpelekee asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Atakachokifanya na karatasi hiyo, kiwandani au mahakamani, ni juu yake. Usiende na bahasha ya fedha, wala usilie kabla yake. Sema, kisha nyamaza. Akikufukuza, toka. Akikwambia kaa, kaa, usikilize mpaka amalize.