Gari la Shabani na Minazi ya Mbwera

Kibiti, Jumanne

Nimemkatalia Shabani, na tangu mchana sina raha.

Mpwa wangu huyu ana gereji hapa barabarani na timu ya mashindano ya magari, yeye na wenzake wawili, bila mdhamini. Miaka ile serikali ilipobana uagizaji wa bidhaa, uliweza kuwa na fedha na kibali cha kuagiza gari usikipate. Sasa milango imefunguliwa, gari la mashindano analolitaka lipo Dar es Salaam, ila bei yake haishikiki.

Viwanda huziuzia kwanza timu kubwa. Watu kama Shabani hupata gari lililokwisha kukimbizwa misimu kadhaa, na hili linauzwa bila giaboksi. Giaboksi ina bei yake peke yake.

"Yaani unanunua fuvu la gari," nilimwambia.

"Mjomba, kwetu si tunauza minazi bila ardhi? Mnunuzi anamiliki miti, shamba linabaki letu. Basi tuiuze ile ya bibi kule Mbwera."

Hapo alinipata. Nilicheka, kisha nikakataa. Nilisema mama yangu aliipanda kwa mkono wake, na serikali ilipotuhamisha kutoka Mbwera, kule deltani, ndiyo mali pekee iliyobaki kuwa yetu.

Hakubisha. Alifuta grisi mikononi, akauliza taratibu, "Mara ya mwisho umeiona lini, mjomba?"

Tangu tuhamishwe sijarudi. Nimemnyima gari lake kwa ajili ya minazi ambayo sijui kama bado imesimama.