Viboko vya Herufi L

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, Busawe nzima ni tope, na mimi nimerudi nyumbani kifua mbele.

Leo nimemcharaza mwalimu wa Kiingereza mbele ya darasa lake mpaka akalia kwa Kikurya.

Uongo. Aliyelia kwa Kikurya ni mimi.

Ngoja nianze vizuri, taratibu, maana mkono wa kulia umevimba na ninaandika ukurasa huu kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto.

Ijumaa mjukuu wangu Ghati, wa darasa la tano, alirudi kutoka shule yao ya inglishi midiamu vidole havikunjiki. Wenzake ndio walionisimulia. Kitabuni kuna mstari unaosema tunacheza kila jioni. Kucheza kwa Kiingereza ni "play". Ghati akasoma "pray", yaani tunasali kila jioni. Mwalimu Marwa akamchapa kimoja. Rudia. Akasali tena. Kingine. Alisali mara kumi na moja, mtoto wa watu, kuliko padri wetu kwa wiki nzima.

Sisi Wakurya L haitukai mdomoni. Hapa naiandika sawasawa kwa sababu vidole havina ulimi. Nikifungua mdomo utasikia mengine. Shule niliikimbia darasa la nne kwa sababu ya kusema "kurara" badala ya "kulala", na Kiswahili hiki mnachokisoma kiliniingia kwa njia ya matako. Nilidhani wajukuu watasalimika. Kumbe fimbo ni ile ile, imebadilisha lugha tu.

Tangu Ijumaa Ghati hakusema neno. Si la Kiingereza, si la Kiswahili, si la Kikurya. Ukimpa ugali anapokea. Ukimwita anakuja. Kimya.

Sasa niseme ya aibu. Jana nilimkalisha, nikamwambia aseme "play" nimsikie. Akanyamaza. Nikainua fimbo.

Mimi.

Sikumpiga, bibi yake aliidaka. Lakini nilimwona Ghati anavyonyoosha kiganja bila kuambiwa.

Ndiyo maana leo asubuhi niliipeleka fimbo hiyo kwa anayestahili. Marwa alinipokea vizuri mlangoni mwa darasa, shikamoo mzee, akanieleza kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia, na kwamba wageni wa hoteli za mbugani hawatamwajiri msichana anayewaalika kusali wakati wamekuja kucheza. Nikamuuliza kama dunia ndiyo iliyomtuma achape, au kajituma.

"Mzee, wewe hukusoma. Haya mambo tuachie sisi."

Nikampa moja ya bega.

Darasa zima likainuka. Nikampa ya pili, ya tatu akaidaka hewani, macho yamemwiva.

"Mzee, usiniretee fujo hapa."

Usiniretee. Kijana wa Tarime, Mkurya mwenzangu, amekaa chuoni miaka kuiosha ile R, na hasira imeirudisha kwa mapigo mawili.

"Hiyo ni R, mwalimu," nikamwambia. "Toa mkono."

Watoto wakacheka, na hapo akili ikamruka. Alinipinda mkono mpaka nikasikia kitu kimelia ndani. Nikaanguka kwenye kona ya dawati, ugoko ukachanika, damu ikashuka mpaka kwenye kiatu. Hakuachia. Akazidi kupinda. Nikamwita baba yangu, "Tata," mtu aliyekufa kabla Marwa hajazaliwa.

Ndipo Ghati akapanda juu ya dawati.

"Reave him, ticha. He is ord."

Nimetafsiriwa baadaye: mwache, ni mzee. Kuna L mbili mle ndani, ya "leave" na ya "old", na zote kazigeuza. Marwa hakusema rudia. Alielewa pale pale, akaniachia kama aliyeshika sufuria la moto.

Nimekaa jioni hii na mguu wangu kwenye beseni nikiliwaza hilo. Kiingereza kilichoufungua mkono wa mtu mwenye hasira kinakosa nini?

Tulirudi tukikanyaga tope, Ghati ameushika mkono wangu uliobaki mzima, anaongea njia nzima: Kikurya, Kiswahili, na hiyo nyingine. Siku tatu zote za kunyamaza alizimalizia masikioni mwangu. Hata sasa anaongea, na bibi yake amejifanya anakamua ng'ombe.

Lakini kesho anarudi darasa lile lile, kwenye mstari ule ule.

Marwa, najua unausoma ukurasa huu, ulishawahi kunisimamisha njiani kunisahihisha koma. Mwezi uliopita niliisukuma pikipiki yako kutoka kwenye tope la mtoni nikiwa na suruali ya kanisani, ukaniambia siku yoyote nikihitaji kitu nisione haya kusema. Basi nasema. Fimbo yangu uliibeba ukaenda nayo ofisini. Naomba unirudishie kesho asubuhi, pamoja na yako, kabla ya kipindi cha Kiingereza.