Shati la Karani

Jumanne. Mvua imekaa juu ya mlima Wanale tangu alfajiri, haishuki wala haiondoki, kama mgeni aliyemaliza chai na sasa anangoja ugali. Magoti yananiuma. Roho inauma zaidi, lakini hiyo haina dawa ya kuchua.

Nianze kwa kujisifu, ndiyo desturi yangu. Katika mtaa wote wa Namatala hapa Mbale, na pengine Uganda nzima, mimi ndiye fundi cherehani pekee aliyewahi kumwokoa askari kwa mkasi. Siku serikali ya jeshi ilipoanguka, Sajini Opolot alikuja mlangoni kwangu kule Jinja. Nikamfumulia tepe zake tatu mikono yote miwili, nikamsindikiza mpaka gati ya Masese, akapanda mtumbwi akaenda visiwani. Hadithi hii nimeisimulia misibani, harusini, na kwenye foleni ya daktari wa macho.

Ni uongo.

Nimeusema miaka mingi mpaka umeota mvi kunishinda. Leo umenirudia.

Asubuhi vijana wa bodaboda walijibanza kwenye baraza yangu kukwepa baridi, wote vichwa juu ya simu moja. Huko nchi fulani ya mbali, wanajeshi wamemtoa rais wao. Barabara imejaa watu wanacheza, wengine wamepanda juu ya magari ya jeshi.

"Mzee, njoo utazame! Zee lao limeanguka!"

Nikaisogeza simu mpaka ikagusa pua. "Huyo anayesoma tangazo," nikawaambia, "nyota yake ya kushoto imekaa upande. Imeshonwa jana, na fundi wake alikuwa anatetemeka."

Wakaangua kicheko. "Wenzako wanaona uhuru, wewe unaona mshono!"

Basi nione nini? Mimi shule niliacha mapema, tukaachana kwa amani. Siasa niliisomea kwenye mikono ya mashati. Vitabu vinasema mapinduzi huanza redioni. Sisi mafundi wa karibu na kambi ya Jinja tuliyajua kwa uzi. Wiki ile jeshi lilipochukua nchi, kila koplo alitaka kuamka kapteni, na uzi mweupe ukaisha madukani. Sikupiga risasi hata moja, lakini masajini wa mwaka ule wengi niliwazaa mimi. Na mshono wangu ulikuwa wa kambi, wa kwenda na kurudi mara tatu. Tepe niliyoshona haikutoka hata ukiivuta kwa meno. Nilijivunia hilo.

Nilijivunia sana hilo.

Simu yangu ikalia. Apio.

Apio ni binti wa Sajini Opolot, mwalimu, anakaa mtaa wa Nkoma na mama yake. Baba yake alipopotea yeye alikuwa bado mgongoni. Ndiye aliyenifungulia blogu hii, akasema, "Baba, andika humo, uache kuchosha watu." Ananiita Baba. Ndiye pia anayenisahihishia herufi, kwa hiyo leo mkiona makosa mjue nipo peke yangu.

Akasema, "Baba, Mama amezidiwa. Anakutaka. Ukoo umekuja."

Nilijua wanachotaka. Huku kwetu mtu akipotea asirudi, ukoo hukata shina la mgomba, hulifunga nguo, hulizika kama yeye, na kilio kinakwisha. Mama Apio amekataa miaka yote hiyo. Alisema, "Fundi alimwona akipanda mtumbwi. Mtu aliyepanda mtumbwi siwezi kumzika." Wachumba walikuja, akawafukuza. Shemeji walinung'unika, akawaziba midomo kwa jina langu. Sasa yeye mwenyewe yuko njiani, na ukoo unauliza atalazwa kando ya nani.

Nilipanda bodaboda nikiwa nimefunga mdomo. Dereva akashangaa. "Mzee, leo umemeza nini?"

Mama Apio alikuwa kitandani, mdogo kama mto wa kochi. Wazee watatu wa ukoo walikaa kwenye viti, kofia magotini.

"Fundi," akasema, "niambie tena. Mtumbwi ulielekea wapi?"

Nilikuwa na kisiwa tayari ulimini, nimekitumia mara nyingi. Nikakitafuta, hakikutoka. Ikatoka kweli.

Nilimwambia kwamba siku ile mumewe alikuja, na bunduki zilikuwa zinalia upande wa bwawa. Aliketi kwenye stuli yangu amevaa shati la jeshi, maana hakuwa na jingine. Nikafumua mkono wa kulia. Mshono wangu ulinitoa jasho. Nyuma yangu kwenye waya yalikuwa yananing'inia mashati ya wateja, yamepigwa pasi, kila moja na kikaratasi cha jina. Akasema, "Fundi, acha kufumua. Nipe shati moja tu."

Nami nikamjibu, "Afande, hizi ni nguo za watu. Wenyewe watakuja."

Mtu asiye fundi hatanielewa. Baba yangu alinifundisha kazi kwa sheria moja: nguo ya mteja ni amana, haivaliwi, haiazimwi, hata nyumba ikiungua inatoka kwanza yenyewe. Mji mzima ulikuwa unakimbia, hakuna mteja aliyekuwa anarudi, na mimi nilikuwa nalinda vikaratasi.

Mizinga ikasogea. Nikamwambia akunje ule mkono wa kushoto uliobaki na tepe, aende. Akaukunja, akaniambia asante, akatoka. Umati ulimkamata Masese, akafia hapo. Hakupanda mtumbwi wowote.

Hakuna aliyelia. Ingekuwa nafuu. Mama Apio akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Wewe ulitokaje Jinja?"

Kweli, bwana. Sisi Wanubi siku ile tulikuwa na tepe zisizofumuliwa: kofia, kanzu, na namna ya kusema. Umati ulimhesabu kila Mnubi kuwa mtu wa serikali iliyoanguka.

"Nilivaa shati," nikasema.

"La nani?"

"La karani mmoja wa reli. La buluu."

"Alirudi kulichukua?"

"Hakurudi."

"Unalo?"

Ninalo. Liko chini ya sanduku la vifungo. Sijawahi kulivaa tena na sijawahi kulitupa.

Akageuza uso ukutani. "Lileteni. Alhamisi mgomba uvishwe hilo." Mzee mmoja wa ukoo akakohoa, akasema nguo ya mtu mwingine haizikwi. Mama Apio akamjibu bila kugeuka, "Huyo karani amengojewa vya kutosha. Na mimi pia."

Apio alinisindikiza mpaka getini. Kunateleza pale, kila siku hunishika kiwiko. Leo mikono yake ilibaki kwenye mifuko ya sweta.

"Teremka pole pole, Mzee," akasema.

Mzee. Neno la heshima, kila mtu ananiita hivyo, hata konda na polisi. Lakini kwa miaka yote tangu ajue kusema, Apio hajawahi kuniita hivyo.

Sasa ni alasiri. Vijana wamerudi barazani na simu yao. Watu wa nchi ile bado wanacheza. Sitawacheka. Hata wa Masese walikuwa na haki ya kuimba, maana walikuwa wamezibwa midomo miaka mingi, ndugu zao wamechukuliwa na hawakurudishwa. Ninachojua ni kwamba ndani ya kila umati unaoimba yuko mtu mmoja aliyekunja mkono wa shati, na mwingine anayemtazama.

Kuna jambo sikulisema Nkoma. Naliandika hapa, kwa sababu Apio husoma.

Mimi pia nilikwenda Masese siku ile, kutafuta mtumbwi. Nikaukuta umati, matawi mikononi, wimbo umepamba moto. Katikati alikuwa Sajini. Mkono wa shati lake ulikuwa umekunjuka, tepe nje. Mtu mmoja kando yangu akanigeukia, akanichunguza, akauliza, "Na wewe je?" Nikachukua tawi. Nikaimba. Niliimba kwa sauti kuliko wote.

Sajini alinitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama lile shati la buluu.

Baada ya hapo nilitembea siku nne mpaka Mbale, alikokuwa mkewe, na njiani ndipo nilipoutunga ule mtumbwi. Mwanzoni ilikuwa nimpe mkewe kitu cha kushika wiki moja au mbili, apumue. Sikujua kwamba atakishika mpaka mikono ikauke.

Je, ningempa lile shati, angepona? Sijui. Labda wangemjua kwa viatu. Lakini angekwenda akiwa na nafasi, na mimi ningebaki na kanzu yangu na Mungu wangu. Najiuliza swali hili kila ninapopiga pasi.

Nimelitoa shati. Mende wametafuna ukosi, na kwapa la kushoto limeachana. Siwezi kulipeleka hivyo. Sajini alimwomba fundi shati, apewe shati zima.

Apio, najua umesoma mpaka hapa, kwa sababu unapenda kutafuta makosa yangu ya herufi. Leo umepata makubwa zaidi. Sikuombi unisamehe, wala uniite lile jina. Nakudai deni moja tu. Asubuhi ya harusi yako nililitanua gauni kiunoni, haraka haraka, nikashona na sikuuliza kwa nini, wala sikumwambia mtu yeyote mpaka leo hii. Ukacheka, ukasema, "Baba, nitakutilia uzi kwenye sindano mpaka ufe."

Sijafa bado. Macho yangu hayaoni tundu. Nimejaribu tangu saa nane, uzi wote umeloa mate.

Pita kesho, hata usiposalimia. Nitilie sindano moja. Uzi wa buluu.