Mashua Uliyoiunda Kama Kabati

Ndugu yangu Kabeya,

Mashua yako imeingia majini. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, kwa sababu nilikuahidi jambo na sikulitimiza lote.

Askari walikutoa nyumbani kwako mchana, mtaani Kenya hapa mjini kwetu, majirani wakitazama. Kesho yake tuliokota maiti yako Naviundu, kando ya mto. Kosa lako lilikuwa kuzaliwa na wazazi waliotoka mkoa wa Kasai. Juma hilohilo nilipata lori la samaki lililokuwa likirudi ziwa Mweru. Tukaipakia mashua kifudifudi, mkeo Ngalula na watoto wawili wakaketi chini yake.

Ulipokuwa ukishona tanga kwa magunia ya unga, nilikuapia kwamba likikupata jambo nitavuka nao mwenyewe mpaka ng'ambo ya ziwa, Rodezia. Ukanicheka: "Weye? Weye unajua kalamu tu!"

Nawe ulijua makabati tu. Ziwa hukuwahi kuliona. Mbao ulizikausha juu ya bati mwaka mzima, ukaziunganisha bila kuziba viungo, ukijisifu kwamba hata karatasi haipiti. Jua la safari likavifungua. Tulipoisukuma majini, mashua ilijaa maji kabla watoto hawajapanda. Chola, mvuvi aliyekubali kuwaendesha, alicheka mpaka akashika magoti: "Fundi yenu alitengeneza kabati! Munataka kutia manguo ndani?" Ngalula naye akacheka. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka.

Dawa ilikuwa kuizamisha kwa mawe siku mbili, mbao zinywe maji zivimbe. Siku mbili, na kituo cha askari kiko mwendo wa nusu saa. Ngalula hakufungua kinywa mbele ya wageni. Matamshi yake yangewaambia kwao ni wapi. Mwanao mdogo aliniuliza kama baba naye yuko chini ya maji. Nilimjibu hapana.

Siku ya tatu asubuhi haikuvuja. Lakini mbao zilizoshiba maji ni nzito. Tulipopanda wote, ukingo ulibaki vidole viwili tu juu ya ziwa. Chola hakutania tena. "Mukubwa mumoja ashuke." Yeye ndiye aliyejua kuendesha. Ngalula alikuwa na watoto mapajani. Nikashuka. Alinitazama.

Tanga lilishika upepo. Niliwaona mpaka walipopita matete. Baada ya hapo sikuona kitu, na sitakuandikia nisichokiona. Nilisikia milio miwili ya bunduki upande huo. Watu wa pale wanasema askari huwinda viboko. Inawezekana.

Leo ni juma la tano. Chola hajarudi. Barua hazivuki mpaka. Gazetini nimeandika mara nyingi kwamba hatujapata habari, kuhusu watoto wa watu wengine, kisha nikaenda kula.

Nimeomba kibali cha kwenda Rodezia kikazi. Wakininyima, nitavuka mpaka kwa miguu kupitia Kipushi. Nikiwakuta wazima nitakuja kaburini kukuambia. Nikikuta lingine nitakuja vilevile, nikuambie mwenyewe, usilisikie kwa mtu.

Pumzika, ndugu yangu, ukiweza.