Vyumba Vinne Ulivyovifuta

Santiago Yelobá,
Oaxaca.
Tarehe 9 Novemba.

Mpendwa kaka Abundio,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Griselda na watoto ni wazima, na kwamba baridi ya Chicago haijawaingia mifupani. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mguu wa baba mdogo Nereo umepungua uvimbe, mahindi tumeshavuna, na yule jogoo wako mkorofi bado anatawala uani kama ameachiwa urithi.

Hayo ndiyo mema. Sasa kaa chini, maana nina hasira na wewe, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia usilolitaka unakata.

Nimesikiliza ule ujumbe wa sauti uliotuma kwa ukoo mzima baada ya kumzika mama. Eti tumekuzima makusudi. Eti Mwalimu Hermelindo ana kinyongo na wewe tangu uliporudisha klarineti ya bendi ikiwa imevunjika, ndiyo maana akaiacha bendi ifunike sauti yako kwenye simu siku ya maziko. Mzee wa watu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaniambia, "Binti yangu, kama Abundio anaamini hivyo, fimbo ya kuongozea hii hapa. Tafuteni mwingine." Aliiacha juu ya meza ya mama na ipo pale mpaka leo. Bendi haina kiongozi.

Kaka, nani alichora upya nota za muziki wa maandamano ya mazishi alioutunga babu? Ni wewe. Karatasi zilipolowa ulisema kazi isiachiwe mtu mwingine, wewe ndiye mchoraji. Ulisema hutaki programu ya muziki kwa sababu ingeua mwandiko wa babu, utazichora nota moja moja kwenye programu yako ya kuchorea. Mwalimu akakuomba aone nakala kwanza kabla haijachapwa. Ukamjibu nini? "Mzee, hii ndiyo kazi yangu kila siku, niamini." Akakuamini.

Na kweli, zilipofika zilipendeza. Nalisema hili ingawa limenikaa kooni. Ile mikia ya nota za babu inayolala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, uliipatia kabisa. Mwalimu aliibusu karatasi.

Tukampeleka mama. Kwenye kona ya makaburi baba mdogo Nereo akainua simu juu, wewe ukiwa hewani, kila mtu akijua kinachokuja: bendi inyamaze, isikike miguu tu, na mzaliwa wa kwanza amwite marehemu kwa jina mara tatu, asije akaondoka akidhani hakuna aliyemsindikiza. Wewe huwezi kuja, tunajua, ukitoka huko hutaruhusiwa kuingia tena. Ndiyo maana tulikuwekea simu.

Wazee, wanaoujua muziki ule kwa moyo, wakanyamaza. Vijana wenye klarineti, ambao wanasoma kilichoandikwa, wakaendelea. Nusu ya bendi kimya, nusu inapuliza, wabeba jeneza hawajui wasimame au watembee. Mwalimu akaona aibu inazidi, akaashiria wote wapige. Sauti yako ikazama humo humo. Mzee Fidencio wa trombone alinong'ona nyuma yangu, "Tangu lini marehemu anakimbizwa kama amechelewa basi?" Watu walicheka, Abundio. Kwenye maziko ya mama yetu watu walicheka.

Nilidhani vijana wamekosea. Nikawagombeza mpaka mmoja akalia, na nimeshamwomba radhi. Kisha nikaweka karatasi ya babu kando ya yako. Kwa babu, katikati ya ukurasa kuna vyumba vinne vitupu, vile visehemu vya mapigo vinavyotengwa na mistari ya wima: mistari mitano imenyooka, hakuna nota, hakuna alama ya kupumzika, hakuna kitu. Kwako havipo. Nota ya kabla na nota ya baada zimeshikana mikono.

Nikaenda ofisi ya kijiji nikafungua faili lako kwenye kompyuta yao. Nikabonyeza nota moja, ikasogea mahali nilipoisukuma, kama kikombe mezani, bila kuuliza muziki unasemaje. Hapo nikaelewa. Ulitaka ukurasa uenee kwenye kile kikadi kinachobanwa juu ya tarumbeta, ukaona mahali patupu, ukapabana. Kazini kwako unachora mifuko ya mikate ya tortilla, na kwenye mfuko mahali patupu ni hasara. Lakini wewe si mgeni, kaka. Ulipiga muziki ule tangu huna ndevu. Ulikitambuaje kila kimkia cha babu, ukasahau mahali anaponyamaza?

Hakuna aliyekuzima. Ulijizima mwenyewe, kisha ukamtukana mzee mbele ya ukoo mzima.

Nimekuwekea humu nakala ya karatasi ya babu. Virudishe vile vyumba kama vilivyokuwa, na kama kikadi hakitoshi, tutashika karatasi mbili. Kisha mwombe radhi Mwalimu pale pale ulipomtukania, kwa sauti, ukoo mzima usikie. Fimbo yake nitampelekea mimi mwenyewe, na chokoleti na mkate wa mayai, maana kwenda mikono mitupu siwezi.

Mwakani, ukitimia mwaka wa kifo chake, tutaupeleka msalaba wa mama makaburini kwa njia ile ile, na bendi itapiga muziki ule ule. Baba mdogo ameshasema atainua simu tena, hata kama mguu utamuuma. Shangazi Eulalia aliniuliza kwa nini sikumwita mama mimi pale pale, hata kwa kupiga kelele. Nikamwambia nafasi ile si yangu. Nilifunga mdomo kwa ajili yako, na sijui kama nitakusamehe upesi.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Baba mdogo Nereo na shangazi Eulalia wanakusalimu; Mwalimu Hermelindo hajasema kitu. Mungu akukinge na baridi ya huko na akurudishie sauti yako.

Fanya haraka, kaka. Mama bado hajaitwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi,
Eufrasia