Ripoti Niliyomwandikia Haika

Jumatatu, 6 Mei

Kosa la wengi wanaofundisha siasa ni kuanza na serikali. Wanachora mihimili mitatu ubaoni, mwanafunzi anainakili, basi, wamemalizana mpaka mtihani. Mimi huanza nyumbani. Nani kwenu anaamua taa zizimwe saa ngapi? Swali hilo moja, kisha nangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Darasa likishaanza kubishana, ndipo naandika neno ubaoni: madaraka. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili.

Leo nimeuliza, nikangoja. Nusu ya viti vitupu. Binti wa mbele akajibu, "Umeme wenyewe ndio unaamua, Dokta." Wakacheka. Nikacheka nao, halafu nikafungua daftari na kuanza kuwasomea waandike.

Muhula huu idara imegawa mwaka wa kwanza makundi mawili. Moja langu, moja la Haika. Haika nilimfundisha mwenyewe, somo hilihili. Alikuwa anakaa mstari wa pili. Sasa naye ni Dokta, na darasani kwake watu wanakaa sakafuni. Wengine ni wa kundi langu. Nimewaona mlangoni nilipopita.

Nina wivu. Nimeuandika ili unitoke. Haujatoka.

Jumanne, 7 Mei

Mkuu wa idara kaniita. Mwakani makundi yataunganishwa, mwalimu atabaki mmoja. Kabla hajaamua anataka nikaangalie Haika anavyofundisha, niandike ripoti. "Wewe ndiye mkubwa wetu, Mwalimu. Hatutaki kuleta mtu wa nje."

Nilipaswa kukataa. Refa hawi na timu. Jambo hilo nalifundisha wiki ya nne, kwa mifano.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Niwe mkweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Nilishastaafu. Nipo kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mkataba unasimama juu ya somo hili. Somo likienda kwa Haika, nabaki Upanga kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, naangalia magari.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewasikia kwenye ngazi. Hawakujua niko nyuma yao.

"Kwa Mzee unaandika mpaka kidole kinavimba."

"Kwa Dokta Haika je?"

"Kwa Dokta Haika unakaa Kariakoo, unakula muhogo, unapewa alama."

Muhogo! Nimesimama pale mpaka wamefika chini.

Haika ananipeleka Jumamosi. Amenieleza utaratibu wake ofisini, amesimama, hakukaa mpaka nilipomwambia. Kila mwanafunzi anakaa na mfanyabiashara mmoja wa barabarani tangu saa moja asubuhi hadi saa saba. Haruhusiwi kuuliza swali lolote mpaka yeye aulizwe kwanza. Haandiki mbele yao. Akirudi nyumbani anaandika kurasa nne: nani anatawala kipande kile cha barabara, na amejuaje.

Nikamuuliza nadharia iko wapi. Akasema, "Inakuja wiki inayofuata, Mwalimu. Wakishakuwa na kitu cha kuibebea."

Jibu zuri. Limeniudhi siku nzima.

Kwake ni rahisi. Amezaliwa Kariakoo, juu ya duka la vyombo la baba yake, Mchaga aliyeshuka toka Moshi na kununua fremu zamani. Mimi Kariakoo naenda kununua feni na kurudi.

Jioni ameniandikia ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Jumamosi tafadhali usivae tai wala kubeba faili."

Sijamjibu. Nilimfundisha kuandika tanbihi huyu. Leo ananivalisha.

Jumamosi, 11 Mei

Nimevaa tai. Ile ya bluu. Na faili jeusi lenye klipu.

Nimevuka Mnazi Mmoja kwa miguu, nikaingia Mtaa wa Kongo kama saa mbili na nusu. Wanafunzi walikuwa wametapakaa, kila mmoja kwenye ndoo au kigoda pembeni ya mwenyeji wake. Mmoja anakunja soksi. Mwingine amepakata mtoto wa watu. Nikasimama katikati, nikafungua faili, nikaanza kuhesabu wanafunzi kwa kalamu. Moja, mbili, tatu.

Mtu akapiga mluzi.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Bidhaa zimetandikwa juu ya maturubai, na kila turubai lina kamba kwenye pembe nne. Unavuta kamba, turubai linakuwa furushi, furushi linapanda begani. Safu nzima ikaondoka hivyo. Mitandio, vioo, chaja, viatu vya watoto. Kufumba na kufumbua lami ikawa tupu, na wanafunzi wamekaa peke yao juu ya ndoo kama watu walioachwa na msafara.

Nilikuwa bado nageuka kutafuta ofisa wa jiji wanayemkimbia, nilipomwona Haika ananitazama.

Ilichukua karibu saa nzima kuwarudisha. Haika aliwafuata vichochoroni mmoja mmoja. "Jamani mama zangu, si mtu wa jiji. Ni mwalimu wangu. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi."

Mama Rehema, muuza mitandio, mwanamke mpana mwenye sauti ya mnadani, akanizunguka mara moja. "Mwalimu? Mbona amekuja kama anayefungisha ndoa? Baba, vua hiyo kamba shingoni, watu wauze."

Wakacheka safu nzima. Nikavua. Nikaiweka mfukoni.

Kitu kimoja zaidi. Wakati wa kukimbia nilimwona Mama Rehema, furushi begani, akirudi kuchukua ndoo iliyofunikwa kanga jirani yake. Ndoo haikuwa na kitu. Baadaye nikamuuliza. Akasema ni ya Asha, kafiwa na mama yake, yuko Kilosa. Ndoo inakaa pale mpaka Asha arudi, na hakuna anayetandika hapo. Nani kaamua? Akanishangaa. "Aamue nani, baba? Ni pa Asha."

Miaka ishirini na miwili nafundisha kwamba kuna amri ambayo watu huitii bila askari wala karatasi. Sijawahi kuwa na mfano kama ndoo ile.

Haika alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa anaijua ndoo ile muda wote. Roho iliniuma kuliko aibu ya tai.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu kauliza ilikuwaje. Nimesema joto.

Jumatatu, 13 Mei

Ripoti imekwisha. Ukurasa mmoja na nusu. Nainakili sentensi moja: "Wafanyabiashara walitawanyika ghafla, na shughuli ya masomo ikasimama kwa takriban saa nzima; mbinu hii haimhakikishii mwanafunzi utulivu wala usalama."

Kila neno ni kweli. Nimeyapima moja moja. Walitawanyika. Ghafla. Saa nzima. Sikuandika walitawanywa na nani. Ndoo sikuiandika.

Nimefundisha vizazi vya watu namna hii ya kuandika inavyofanya kazi. Kitendo kinabaki, mtendaji anaondolewa. Huwa nawapa magazeti watafute mifano.

Nimeipeleka saa tisa alasiri. Nimetembea kurudi nyumbani nikijisikia mwepesi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeshinda. Mwakani somo ni langu, mkataba unasainiwa mwezi ujao. Haika atapelekwa tawi la Kigamboni, kufundisha wanafunzi wa cheti, stadi za mawasiliano. Kwenda Kariakoo kumesimamishwa kwa wote.

Nilidhani nitafurahi mpaka jioni. Furaha imefika saa sita tu.

Haika amekuja ofisini. Nilijiandaa. Nilikuwa na maelezo yote, nimeyapanga. Hakuuliza. Ameamkia, ameweka fungu la insha mezani. Utaratibu wa idara ni kwamba kila kazi isahihishwe na mwalimu wa pili, na wa pili ni mimi. Amesema, "Zile za Jumamosi, Mwalimu. Walijitahidi." Akaondoka.

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 17 Mei

Sijazigusa.

Jumapili, 19 Mei

Nimezisoma tangu asubuhi. Nilitafuta makosa. Yapo. Tahajia, sentensi ndefu, mmoja kaandika kurasa sita. Lakini wanaona. Mmoja ameeleza jinsi mwenye duka anavyomruhusu muuza chaja kusimama kivulini kwake, na muuza chaja anavyomlindia mlango saa ya swala, na hakuna hata siku moja waliyokubaliana kwa maneno. Sijawahi kupata insha kama hiyo. Mimi hupata daftari langu mwenyewe, limerudishwa.

Ya tisa ilikuwa ya yule binti wa umeme. Kumbe alihamia kwa Haika. Inanihusu mimi, ingawa hajanitaja jina:

"Alikuja mzee mwenye tai na faili. Hakusema neno. Barabara nzima ikahama. Nadhani hayo ndiyo madaraka niliyoyaona waziwazi kuliko yote siku ile, na mwenyewe hakujua anayo. Aligeuka kutafuta anayekimbiwa."

Pembeni Haika ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umeona vizuri. Ila usimcheke. Ulipaswa kukaa naye pia, ungoje akuulize."

Amempa themanini na mbili. Mimi ningempa tisini.

Basi mkuu wa idara hataziona insha hizi. Zikishasahihishwa zinafungiwa kabatini. Aliye na faili mkononi bado ni mimi, na safari hii najua.

Jumanne, 21 Mei

Nimeamka mapema. Chai ya tangawizi, mke wangu bado amelala. Chini ya ghorofa wanafagia.

Wivu haujaisha. Nilidhani kusoma insha zile kungeuondoa, lakini jana nimemwona Haika akipita uani, wanafunzi wanne wanamfuata, mmoja amembebea kitabu, na moyo umeuma palepale. Pengine utakuwepo mwakani pia, hata nikiwa nyumbani. Sio lazima uondoke kwanza ndipo niandike.

Ripoti mpya nimeiandika kabla ya kupambazuka. Ni fupi kuliko ile. Inasema Haika alinikataza nisivae tai wala kubeba faili, nikavaa na kubeba, na wafanyabiashara wakanikimbia mimi. Inaeleza ndoo ya Asha. Inasema mwalimu anayestahili somo hili ni Haika, na kwamba mkuu wa idara hakupaswa kunipa kazi ya kumkagua, wala mimi kuikubali.

Nimeisoma mara mbili kutafuta sentensi isiyo na mtendaji. Niliikuta moja. Nimeirekebisha.

Mkuu wa idara anafika saa mbili, saa nne anaingia kikaoni.

Niipeleke mwenyewe kwa mkono leo, kabla ya saa nne.